Kuatamisha Kuku wa Kienyeji na Kulea Vifaranga

Kuatamia ni kazi ya kuku mwenyewe, na kwa kawaida anaijua kuliko wewe. Vifaranga wengi hupotea baada ya kutotolewa, katika wiki nne za mwanzo. Mfugaji anayetaka kuongeza kuku aweke nguvu zake hapo.

1. Hakikisha kuku amekusudia kweli. Aliye tayari halali nje ya kiota, hujitutumua ukimsogelea na kukudonoa mkono. Mwachie mayai mawili matatu ya kumzuga kwa siku mbili. Akitulia, ndipo umwekee ya kutotolesha.

2. Chagua mayai yasiyozidi siku kumi tangu yatagwe, yasiyo na ufa wala umbo la ajabu. Usiyaoshe. Kumi hadi kumi na matatu yanamtosha kuku wa kienyeji. Tamaa ya kumwekea ishirini huishia kwenye mayai viza, kwa sababu yale ya pembeni hayapati joto.

3. Kiota kiwe tenga au boksi lenye majani makavu, penye giza kidogo na pasipopita mbwa. Angalia utitiri, maana ndio humfanya kuku ayakimbie mayai katikati ya safari. Choma matandiko ya zamani, tandaza majivu chini ya majani mapya, na umpake kuku dawa ya unga ya wadudu kabla hajalala.

4. Kutotoa huchukua siku 21. Weka maji na mahindi karibu, kwani hutoka mara moja kwa siku na kurudi upesi. Siku ya saba, usiku, mulika kila yai kwa tochi: lenye uhai huonyesha mishipa myekundu, lisilo na kitu hubaki jeupe lote, nawe litoe. Kuanzia siku ya 18 usiguse tena.

5. Vifaranga wakianza kutoboa, kaa mbali. Usiwamenyee ganda, utawatoa damu. Wala usihangaike na chakula siku hiyo, kiini kilichobaki tumboni huwatosha takriban siku mbili.

6. Sasa kazi yako. Mfungie mama na watoto wake katika banda dogo au chini ya tenga kubwa. Kumwachia azurure nao tangu siku ya kwanza ni kumlisha mwewe, nguchiro na paka wa jirani, na umande wa asubuhi humaliza waliobaki. Maji yawe kwenye sahani yenye vijiwe ndani, wasizame. Wape chakula cha vifaranga cha dukani; ukikosa, chenga za mahindi na dagaa waliosagwa wasio na chumvi, pamoja na mchwa ukiwapata.

Chanjo ya kideri usiisahau. Ile ya I-2 hudondoshwa tone moja jichoni, wiki ya kwanza, ikarudiwa wiki ya tatu au ya nne, kisha kila baada ya miezi mitatu au minne. Muulize mtaalamu wa mifugo wa kata kuhusu ndui na gumboro.

7. Vifaranga wakifika wiki nne na manyoya yamefunika mwili, mtenge mama mbali, asiwasikie wakilia. Atarudi kutaga mapema kuliko yule anayeachwa nao miezi miwili au mitatu.