Kupe wa Nyati na Ndigana Kali

Bonde la Kilombero ni ardhioevu iliyoingia katika orodha ya Ramsar mwaka 2002. Nyati hulisha humo, na nyasi zake huwa na kupe. Kupe ni kimelea cha nje: hunyonya damu ya mwenyeji. Si mdudu, yuko kundi moja na buibui. Lava ana miguu 6, tunutu na kupe mpevu wana miguu 8.

Kupe wa sikio la kahawia (Rhipicephalus appendiculatus) huhitaji wenyeji watatu. Lava hushiba, huanguka na kuwa tunutu. Tunutu humpanda mwenyeji wa pili, huanguka na kuwa kupe mpevu. Kupe mpevu humpanda wa tatu. Jike likishiba huanguka, hutaga mayai na kufa.

Nyati huweza kubeba Theileria parva, protozoa wa ndigana kali, bila kuumwa. Lava au tunutu anayemnyonya huambukizwa, kisha humwambukiza ng'ombe katika hatua inayofuata.

Kumbuka: Protozoa huyu hapiti kwenye mayai ya kupe.

Swali: Uko Majengo, Songea. Baba yako mdogo anataka kuchunga ng'ombe palipolisha nyati. Anasema, "Nyati wale wazima, hakuna ugonjwa." Mweleze kosa lake. (Alama 4)

Jibu:
(i) Nyati mzima huweza kubeba protozoa.
(ii) Kupe huanguka nyasini akiwa nao.
(iii) Ng'ombe huambukizwa: homa, tezi kuvimba, kupumua kwa shida, hata kufa.
(iv) Atenge malisho na kuogesha ng'ombe kwenye josho.