Tusijenge choo cha madrasa kwa meno ya watoto



Ndugu msomaji, madrasa nyingi za mitaani kwetu hazina mfadhili. Choo kikijaa, au tangi la maji ya udhu likipasuka, kamati hukimbilia njia iliyo karibu: watoto wapewe pipi, kashata na lambalamba wakauze.

Nia ni njema. Lakini wanunuzi ni nani? Ni watoto wenyewe na wadogo zao. Zisizouzika huliwa nyumbani, na mama hulipa kwa fedha ya mboga.

Sisi matabibu tunaujua mwisho wake. Bakteria waliomo kinywani hutumia sukari na kutoa tindikali inayomomonyoa jino. Kila pipi mpya huianzisha tindikali upya, ndiyo maana anayemumunya pipi mchana kutwa huharibikiwa zaidi kuliko anayekula kitu kitamu mara moja, pamoja na chakula. Jino likioza mtoto halali, hali vizuri, wala hatulii mkekani akahifadhi sura yake. Tumepata choo, tumepoteza meno.

Iko njia nyingine: matembezi ya kuchangia. Kila mtoto hupewa kadi, akaandikisha jamaa na majirani wanaoahidi kutoa kiasi fulani kwa kila mzunguko atakaoumaliza uwanjani. Uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68 una mzunguko wa takriban mita 350. Mizunguko 8 ni karibu kilomita 3, umbali ambao mtoto mzima wa afya wa miaka kumi ataumudu kwa kutembea.

Tupige hesabu. Mtoto mwenye wafadhili 10, kila mmoja akiahidi shilingi 100 kwa mzunguko, akimaliza mizunguko 8 ataleta shilingi 8,000. Watoto 40 wataleta shilingi 320,000. Kwa pipi yenye faida ya shilingi 20, fedha hiyo inahitaji pipi 16,000, yaani pipi 400 kwa kila mtoto!

Faida ya pili ni ya mwili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate, kwa wastani, angalau dakika 60 za mazoezi kila siku. Na katika dini yetu hili si geni. Imepokewa na Abu Daud kuwa Mtume (SAW) alishindana mbio na Bibi Aisha (RA), na imepokewa na Muslim kuwa muumini mwenye nguvu hupendeza zaidi mbele ya Allah (SW), ingawa kila muumini ana kheri.

Mzazi na ustadhi, zingatieni haya:

Kwanza, anzeni asubuhi na mapema kabla ya jua kali, siyo mchana wa Ramadhani. Pawe na maji safi ya kunywa, na kila mmoja awe na kikombe chake.

Pili, waulizeni wazazi kuhusu maradhi. Mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta. Mwenye seli mundu au maradhi ya moyo asiingie bila ushauri wa daktari. Hao, na wenye ulemavu, wasiachwe nyumbani. Wapewe kazi ya kuhesabu mizunguko, nao waandikiwe kadi zao.

Tatu, tumieni uwanja, siyo barabara ya magari. Wasichana wapangiwe muda wao na mavazi ya stara yasiyowabana.

Nne, jihadharini na kamari. Msiwatoze watoto kiingilio kisha mshindi akachukua fedha zile. Kamari imekatazwa katika Suratul Maidah, aya ya 90. Zawadi, ikiwapo, itolewe na mtu asiyeshindana.

Tano, kusanyeni ahadi ndani ya wiki moja, na hesabu isomwe mbele ya wazazi wote.

Ndugu mzazi, kamati ikileta pakiti ya pipi mlangoni kwako, usigombe. Peleka wazo hili, kisha uwe wa kwanza kujaza kadi. Tunamuomba Allah (SW) awape watoto wetu elimu yenye manufaa na miili yenye afya ya kuibeba. Amin.

Wabillah tawfiq.