Usimwache Chini ya Mwembe: Bustani ya Watoto Wote



Mpendwa kijana, hasa wewe unayesaidia watoto wa Utoto Mtakatifu parokiani, leo tunazungumzia udongo. Ndiyo, udongo huu huu wa Tabora.

Masomo ya kutafakari: Mwanzo 2:4-15 na Marko 4:26-29.

1. Jembe halikuanza kama adhabu

Mungu anamweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Angalia mpangilio: hiyo ni sura ya 2. Dhambi inakuja sura ya 3. Yaani kulima kulikuwepo kabla ya miiba na jasho.

Sasa jiulize, watoto wetu wanajifunza nini kuhusu jembe? Amechelewa, akalime. Amepiga kelele, akamwagilie. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na baadaye kufundisha St. Mary's hapa hapa mjini, aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Alitaka shamba liwe sehemu ya masomo: wanafunzi wapange, walime, waone faida na hasara ya maamuzi yao. Shamba likigeuzwa fimbo, somo linapotea. Mtoto anakua akijua kwamba ardhi ni mahali pa waliokosea.

2. Na yule anayeambiwa "wewe kaa tu"

Kuna mtoto mwingine ambaye hata jembe hapewi. Haoni, hasikii, au hatembei vizuri. Wenzake wanakwenda bustanini, yeye anawekwa chini ya mwembe awasubiri. Tunaita huruma, lakini yeye anaelewa jambo moja: hahitajiki.

Kanisa hapa Tabora lilishawahi kujibu vingine. Mwaka 1963 lilianzisha shule ya viziwi, ya kwanza nchini. Waliotutangulia waliamini kwamba mtoto asiyesikia anafundishika. Sisi tunashindwaje na tuta moja la mchicha?

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba ujuzi wetu unaanzia kwenye milango ya fahamu. Milango hiyo ni mitano. Ubao wa darasani unabisha hodi kwenye mmoja tu, macho. Bustani inabisha yote: udongo unashikwa, mchaichai unanukia, nyanya inaonjwa. Mlango mmoja ukiwa umefungwa, Mungu bado ana pa kuingilia.

3. Tufanyeje?

- *Anayetumia kiti cha magurudumu:* jaza gunia udongo na samadi, toboa matundu pembeni, panda mchicha au sukuma wiki. Bustani inamfuata alipo. Njia iwe pana na ngumu, kiti kisizame.
- *Asiyeona:* funga kamba kutoka mlangoni hadi kwenye matuta, na fundo mbele ya kila tuta. Mwanzoni mwa kila tuta panda kitu chenye harufu yake: rehani, mnanaa, kitunguu.
- *Asiyesikia:* msimamie mbele, si mgongoni. Onesha kwanza, kisha afanye. Na wewe jifunze ishara za mbegu, maji, jua. Yeye awe mwalimu wako.
- *Mwenye ualbino:* fanyeni kazi asubuhi mapema au jioni, kofia pana na mikono mirefu. Wote mje saa hiyo, asije peke yake.

Somo la kuanzia? Maboga. Boga lina ua dume na ua jike. Jike utalijua kwa kiboga kidogo kilicho chini yake. Hata asiyeona anakigusa akakitambua. Lakini bila nyuki kubeba chavua, kiboga kile kinanyauka. Hapo watoto wa mkoa wa asali wataelewa wenyewe kwa nini miti ya miombo isiishie yote kwenye kuni za kukaushia tumbaku. Huna haja ya kuhubiri.

4. Miembe ya njia ya misafara

Njia ya zamani ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji. Miembe mikongwe bado inaikumbusha, hata Kwihara alikokaa Livingstone mwaka 1872. Kuna watoto waliopita njia hiyo wakiwa wamefungwa minyororo, wakihesabiwa kama mizigo. Thamani yao ilipimwa kwa nguvu za mwili: anayeweza kubeba, anayeweza kutembea.

Ndugu yangu, tukimpima mtoto kwa kile ambacho mwili wake unaweza, tunatumia mizani ile ile. Kwenye mfano wa Yesu, mpanzi analala na kuamka, mbegu inakua asijue namna gani. Mwenye nguvu haiotesei, asiye na nguvu haizuii. Mbele ya mbegu sote ni wageni.

Maswali ya jumuiya

1. Ni mtoto gani mtaani kwetu hajawahi kuitwa kwenye kazi za pamoja? Nani ataenda kwao kuongea na wazazi?
2. Je, tunatumia kilimo kama adhabu?

Azimio la wiki: tafuteni gunia moja na mbegu za mchicha. Mtoto aliyezoea kusubiri kivulini ndiye apande ya kwanza.

Tuombe: Ee Mungu uliyetuumba kwa udongo, tufundishe kuutunza pamoja na wadogo wako wote, asibaki hata mmoja nje ya bustani yako. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.