Shikamoo Haitoshi: Ya Kufanya na Kutofanya Katika Kituo cha Wazee cha Kutwa

Mwaka mmoja alikuja kijana kujitolea katika kituo chetu cha kutwa hapa Tanga. Alikuwa mchangamfu, mwenye adabu, shikamoo yake ikitangulia kabla hajavuka kizingiti. Wiki ya pili alimwahidi mzee mmoja, kuli mstaafu wa bandarini, kwamba Jumatano inayofuata angemletea betri za redio. Hakurudi tena. Nadhani alipata kibarua, na hilo si kosa. Lakini mzee yule alikaa Jumatano nne mfululizo kwenye benchi la mlangoni, redio mapajani, akikataa kuingia ndani hata jua lilipomfikia. Betri tulimnunulia sisi wiki ya kwanza tu ya kungoja kwake. Hakuwa akisubiri betri.

Ndiyo maana maelekezo haya ni makali. Karibu kila moja lilianza na mzee aliyeumizwa na mtu mwenye nia njema. Kituo cha kutwa si makao ya wazee. Wazee wetu wana kwao: wanakuja asubuhi, wanakunywa uji, wanapimwa presha, wanacheza bao, wanasali, wanazungumza, na alasiri wanarudi. Wanakuja kwa hiari, kwa hiyo wanaweza pia kuacha kuja. Mzee aliyedharauliwa haandiki barua ya malalamiko. Anabaki nyumbani tu, na wa nyumbani wanasema siku hizi amechoka.

Taja siku unayoiweza, kisha uje siku hiyo. Kama unaweza Jumanne moja kwa mwezi, sema Jumanne moja kwa mwezi. Ukiugua, piga simu mapema asubuhi ili tumwambie mtu anayekungoja, maana yupo. Usiahidi kitu chochote: si betri, si miwani, si kumtafutia mwanawe aliyepotelea Mwanza. Kama unaweza kuleta, lete bila kutangaza.

Usije tarehe 1 Oktoba peke yake. Siku ya Kimataifa ya Wazee imekuwa ikiadhimishwa tangu 1991, na kila mwaka siku hiyo tunapata wageni wengi kuliko viti. Zinakuja khanga, sabuni, mchele, hotuba na kamera. Tarehe 2 ukumbini wanabaki wazee wale wale na sisi wahudumu watatu. Zawadi tunazishukuru kwa dhati. Lakini anayetaka kutusaidia kweli aje Februari, joto linapowanyima watu hata hamu ya kuongea, au aje wakati wa masika, njia ya ukumbini inapogeuka tope na mwenye fimbo anahitaji mkono wa pili.

Usimpige mzee picha. Utasema amekubali. Amekubali kwa sababu umemletea sabuni na anaona haya kukukatalia. Picha ya kituo hupigwa kwa idhini yake aliyopewa nafasi ya kuifikiria, siku aliyoichagua, akiwa amevaa alivyopenda. Bibi anayekunywa uji kwa mkono unaotetemeka hakuvaa kwa ajili ya watu asiowajua.

Shikamoo ni lazima, na haitoshi. Nimewaona vijana wanaoinama hadi chini kusalimia, kisha wanamvua bibi viatu bila kumuuliza, wanamfunga kitambaa kifuani kama mtoto anayelishwa, na nesi akimuuliza bibi jina lake wanamjibia wao. Heshima inaanza baada ya marahaba. Muulize anapenda kuitwaje, umwite hivyo. Aliyekuwa mwalimu ni Mwalimu hadi leo, wa cherehani ni Fundi, mwanamke aliyehiji ni Hajjat. Wapo wasiopenda kuitwa "bibi" na mtu asiye mjukuu wao, na wana haki hiyo. Usimwongelee mtu mbele yake kana kwamba hayupo. Usimkatishe anaposimulia foleni za sukari za mwaka 1983 ambazo umezisikia mara saba. Msikilize ya nane, mara nyingi hapo ndipo anapotaja jambo ambalo hajawahi kulitaja.

Usimwachie ushindi kwenye bao. Kijana mmoja alifanya hivyo kwa mapenzi tu, akapita nafasi ya wazi ya kula kete mara mbili ili babu afurahi. Babu aliona. Alizikusanya kete zote 64, akaziweka kwenye mfuko wake wa kitambaa, akasema, "Nitafutieni mtu wa kucheza naye." Kama hujui bao, sema hujui, akufundishe hatua ya kunamua kwanza na ya mtaji baadaye. Utafungwa miezi mingi. Kubali kufungwa, na kubali kukemewa unapochelewesha mchezo. Katika siku yake nzima huenda hiyo ndiyo saa pekee ambayo yeye ndiye anayetoa na mwingine anapokea.

Kwa sababu hiyo hiyo, akikupa embe, pokea na ulile mbele yake. Fedha usipokee hata shilingi.

Kagua choo kabla ya kitu kingine chochote. Hapa naomba usome polepole. Wazee wengi hawanywi maji wakiwa nje ya nyumba zao. Sababu moja ni kwamba kiu hupungua kadiri mwili unavyozeeka. Sababu ya pili hawaisemi: wanaogopa choo. Kiko mbali, sakafu imelowa, hakuna cha kushikia, na cha kuchuchumaa magoti hayakiwezi. Basi bibi anajinyima maji tangu alfajiri ili asije akaaibika, saa 6 mchana anaona kizunguzungu, na sisi tunasema ni presha. Kwa hiyo zamu yako ikianza, nenda chooni. Sakafu imekaushwa? Ndoo imejaa na kopo lipo? Kiti hakitikisiki? Mlango unafunguka kwa nje kama mtu ameanguka ndani? Mgeni anayekuja kwa mara ya kwanza mwonyeshe choo kabla hujamwonyesha pa kukaa. Utaona mabega yake yanavyoshuka. Baada ya hapo wape maji kidogo kidogo, bila kusubiri waombe.

Mzee akijikojolea, usishtuke, usiite mtu kwa sauti, usikimbilie kufungua madirisha. Mwambie, "Tutoke mara moja," mfunge khanga kiunoni, mpite pembeni. Nguo za akiba zipo kabatini, na ni zamu yako kuhakikisha zipo. Mwanamke ahudumiwe na mwanamke, mwanamume na mwanamume. Ukimaliza, mrudishe alipokuwa amekaa na uendelee na mazungumzo yale yale. Usimsimulie mtu, hata mkeo, hata mumeo.

Usimvute mtu mkono ili asimame. Kusimama ghafla hushusha presha, na anguko moja linalovunja nyonga laweza kumlaza mzee kitandani kwa muda wote uliobaki. Asogee ukingoni mwa kiti, akae kidogo, kisha asukume kwa mikono yake mwenyewe. Wewe uwe karibu. Asiyeona ndiye atakayeshika kiwiko chako, si wewe umshike. Aliyepata kiharusi, tembea upande wake ulio dhaifu. Shati lianze kuvaliwa kwenye mkono mgonjwa, na wakati wa kuvua lianze kwenye mkono mzima.

Usipayuke. Mzee anayesikia kwa shida hapotezi sauti zote kwa pamoja. Nyembamba ndizo hutangulia kupotea. Ukipiga kelele sauti yako inazidi kuwa nyembamba, na ukumbi mzima unajua shida aliyokunong'oneza. Zima redio, kaa mbele yake, uso wako uwe kwenye mwanga, sauti iwe nzito na ya taratibu.

Usimpe mtu kidonge. Hata cha kutuliza maumivu ya kichwa. Wazee hugawiana dawa kama wanavyogawiana tumbaku, na diklofenaki za magoti ndizo zinazozunguka zaidi. Hizo hupandisha presha na huumiza figo. Ukiziona zikipita kutoka kiganja kimoja kwenda kingine, mwambie nesi. Mwenye kisukari aliyemeza dawa zake lazima ale kwa wakati. Akianza kutoka jasho, kutetemeka au kuongea asivyoeleweka, na bado anameza vizuri, mpe chai yenye sukari ya kutosha na umwite nesi saa hiyo hiyo. Akiwa amezimia, usimtie chochote mdomoni. Ramadhani usibishane na mwenye kisukari anayetaka kufunga. Hayo ni mazungumzo yake na daktari wake, na sisi tunayaanzisha Shaabani, si siku amekwisha nuia.

Ukimsindikiza hospitali, ulizia dirisha la wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mwenye miaka 60 na kuendelea kuwa mzee, na inataka wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Beba kitambulisho chake. Mkiambiwa mlipe, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Usigombane dirishani, wewe utaondoka, yeye atarudi pale pale mwezi ujao.

Usiijue namba ya siri ya simu ya mzee. Mikono iliyokata mkonge miaka 30 huenda haina alama za vidole za kutosha. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, wapo wazee wetu ambao mashine iliwakataa, na hadi leo laini zao zina majina ya wajukuu. Tayari wanapita kwa mtu mwingine ili wafikie fedha yao. Usijiongeze kwenye mlolongo huo. Bibi akitaka kutoa pesa, nenda naye kwa wakala, msomee kilichoandikwa kwenye simu, kisha geuza uso abonyeze mwenyewe. Kama hawezi kubonyeza, mwite msimamizi, mwe wawili.

Usimsahihishe aliyesahau. Tunaye mama mmoja ambaye ikifika saa 8 mchana huuliza kama mumewe ameshatoka shamba la mkonge. Mumewe alifariki zamani. Mtu wetu mmoja aliona uongo ni dhambi, akamwambia ukweli mara tatu kwa siku moja, na mara tatu yule mama akafiwa. Si lazima umdanganye. Muulize mumewe alikuwa mtu wa namna gani. Atakueleza namna majani yalivyofungwa mafungu, mwiba uliomchoma jicho, nyama waliyonunua siku ya mshahara. Kwa kawaida akifika kwenye nyama anakuwa ametulia.

Kisha ufunge mdomo. Hili ni kali kuliko yote. Katika nchi hii wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, hasa Usukumani, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuwapikia watoto. Kila tuhuma ilianza na maneno ya mtu. "Bibi yule huongea peke yake," "alinitazama vibaya," "usiku anazunguka." Ugonjwa wa kusahau unafanya hayo yote. Uliyoyaona kituoni yabaki kituoni, hata kama unayasimulia kwa huruma.

Ukiona jeraha, njaa isiyoeleweka, au mzee anasema hati ya kiwanja chake imechukuliwa, usiende kuikabili familia. Atalala nyumba ile ile usiku huo. Andika ulichokiona, siku na saa, umpe msimamizi kabla hujaondoka. Yeye ndiye atakayekwenda kwa afisa ustawi wa jamii na, ikibidi, dawati la jinsia polisi.

Usifiche kifo. Tulifanya hivyo mara moja, tukidhani tunawaepushia uchungu. Wote walikuwa wameshasikia tangazo la msikitini, wakakaa asubuhi nzima wakitutazama waone kama tutasema. Siku hizi tunawaambia kabla ya uji. Anayeweza kwenda mazikoni tunampeleka, na wewe uliyekuwa ukicheza naye bao utakwenda pia.

Aga. Kazi itapatikana, utaolewa, utahama, tunajua. Tuambie wiki mbili kabla. Kaa chini mbele ya kila mzee uliyemzoea, mmoja mmoja, umtaje jina, umwambie siku yako ya mwisho ni ipi. Kama hutarudi, sema hutarudi. Usiseme utapita kuwatembelea. Wengine watakuombea dua ndefu, wengine watageuka na kuendelea kupanga kete bila kukujibu. Usiinuke. Kaa hapo hadi amalize kuzipanga.