Kufundisha Jinsi Kompyuta Moja Inavyosimamia Nyingi

Madhumuni: Mwanafunzi aweze kueleza jinsi kompyuta moja inavyosimamia nyingine katika mtandao.

Maarifa ya mwalimu: Agosti 1988 wataalamu wanne nchini Marekani, Case, Fedor, Schoffstall na Davin, walitangaza kanuni ziitwazo SNMP. Kwa kanuni hizo, programu msimamizi huuliza hali ya kila chombo, nayo programu ndogo iliyomo chomboni hujibu. Likitokea jambo la dharura, chombo hutoa taarifa bila kungoja kuulizwa.

Njia: Katika shule ya Chemba isiyo na kompyuta, watumie wanafunzi wenyewe. Mmoja awe msimamizi, wengine wawe vyombo, kila kimoja na kadi ya hali yake: "nzima", "imejaa" au "ina joto". Matarishi wapeleke maswali na kurudisha majibu, nayo yaandikwe ubaoni. Kisha, kwa siri, mwagize mwenye kadi mmoja asijibu, na tarishi mmoja umzuie njiani.

Majadiliano: Waulize wanafunzi, je, chombo kimeharibika au njia imekatika? Kwa msimamizi, kimya cha kwanza na cha pili hufanana. Darasa lifikie hitimisho kwamba kimya si jibu, bali ni sababu ya kuchunguza.

Somo hili lamhusu mwalimu pia. Jina lisiloitikiwa wakati wa mahudhurio laweza kuwa la mtoro. Laweza pia kuwa la mtoto aliyezuiwa na mto Bubu uliofurika. Chunguza kwanza, ndipo uandike.