Kioo cha baba kinatugombanisha

*Baba yetu alifariki mwaka jana, akatuachia nyumba hapa Makiso na kioo kirefu cha zamani chenye fremu ya dhahabu. Alikipata pamoja na duka la Mgiriki mmoja, enzi za Mobutu. Mdogo wangu wa kiume amepata mteja anayesema fremu ni dhahabu tupu. Dada yetu wa mwisho anasema mchungaji wake ameagiza kivunjwe, kwa kuwa kina machozi ya wenyewe. Mama ananyamaza. Mimi ndiye mkubwa. Nifanye nini?*
Dada mkubwa, Kisangani

Dada mkubwa, pole kwa msiba.

Nianze na mteja. Fremu za namna hiyo ni mbao iliyopakwa chokaa na gundi ya wanyama, kisha ikabandikwa dhahabu iliyopondwa hadi ikawa nyembamba kuliko karatasi. Ukiikwangua yote, hutapata zaidi ya gramu chache, na utakuwa umeiharibu. Fremu nyingine hazina dhahabu hata kidogo, ni rangi ya unga wa shaba tu, ambayo kwa uzee hugeuka kahawia au kijani. Anayetaka kununua dhahabu aende kwenye kontuari, yaani maduka ya dhahabu.

Kukivunja nakukataza kwa sababu nyepesi kuliko mapepo. Vioo vingi vilivyotengenezwa kabla ya karne ya 20 vilipakwa bati na zebaki kwa nyuma, na zebaki ni sumu. Mwambie mdogo wako wa kike kwa heshima: asiyekitaka kioo akae mbali nacho, ila asikipige nyundo sebuleni penye watoto.

Sasa machozi. Hapa mchungaji amegusa jambo la kweli. Mobutu alitangaza tarehe 30 Novemba 1973 kwamba biashara za wageni zitakabidhiwa Wazaire, yaani Wakongo wa wakati huo. Wagiriki, Wareno na Wahindi wa Kisangani walipoteza maduka, na wengine waliondoka na walichoweza kubeba. Baba yako hakuvunja mlango wa mtu. Serikali ndiyo iliyogawa. Lakini aliyenyang'anywa alilia vilevile. Mwaka 1976 serikali ilirudi nyuma, ikawaruhusu wenye mali kuzidai. Nadhani ndiyo maana mama yenu ananyamaza: huenda anakumbuka nani alirudi kudai na nani hakurudi. Muulize ukiwa naye peke yake, si mbele ya mteja wala mchungaji.

Tafuteni pia karatasi za baba. Likionekana jina la mwenye duka, na kama kuna mtu anayejua ukoo wake uliko, waandikieni, mkiweka picha ya kioo. Wakikitaka, mzungumze. Wasipojibu, mmetimiza wajibu wenu, na hakuna atakayewaambia kwamba mnakalia kitu mlichokificha.

Kisheria, mdogo wako wa kiume hawezi kukiuza peke yake. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto wote haki sawa, wa kike kwa wa kiume, na mjane naye ana sehemu yake. Mkikubaliana kuuza, andikeni makubaliano, wote mtie sahihi, na mkiuze kama kioo cha kale, kizima, kwa anayejua vitu vya kale.

Mkikubaliana kukitunza, jueni adui yake ni unyevu wa hapo kwenu, mji wa misitu na mto. Msikifute kwa kitambaa chenye maji, gundi italegea na dhahabu itabanduka. Tumieni brashi laini kavu. Kisiguse ukuta unaovuja, na mkague mchwa nyuma ya mbao. Kioo hicho ni kizito, kitundikeni kwa ndoano mbili ndani ya ukuta imara.

Wiki hii mteja aambiwe asubiri, nawe ukae na mama. Akishaongea, waite wadogo zako wote siku moja, uwaeleze alichosema kabla ya kutaja bei yoyote.