Shubaka la bafuni: usiuze bila kueleza mteremko

Nauza vifaa vya bafu hapa Ipogolo, oda nyingi zinakuja WhatsApp. Mwaka jana mteja akanipigia: "Kaka, shubaka lako linavuja, rangi ya chumbani inabanduka."

Nikaenda. Shubaka lenyewe zima! Fundi alilipiga pima maji likalala sawa kabisa, kwa hiyo maji yakawa yanatuama, yanapenya pembeni na kuingia ukutani. Hela nilirudisha, maana sikumpa maelekezo yoyote.

Sasa kila oda naituma na sauti ya dakika moja:

1. Sakafu ya shubaka iinamie bafuni. Kina kikiwa sentimita 10, mbele iwe chini kuliko nyuma kwa milimita 2 hivi.
2. Dawa ya kuzuia maji ipakwe tundu lote mpaka kwenye kona, ikauke ndipo fundi aendelee.
3. Kabla hujamlipa fundi, mwagia kikombe cha maji. Yakituama, arudie.

Kifaa kizuri kikifungwa vibaya, lawama zinakurudia wewe muuzaji.

Wewe bidhaa yako gani wateja wanakosea kuifunga? Tuambie hapo chini.